Kisima Ndani ya Nyumba

12 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba masikio yako hayajakuchokoza zaidi ya yalivyozoea. Kwetu sote tunapumua. Chuo cha udereva kimenipa gari jipya la kufundishia, lenye breki upande wa mwalimu pia, kwa hiyo siku hizi nasali nusu tu ya nilivyokuwa nikisali. Kaka amepandishwa cheo kazini. Bado tunamwita Waziri, na bado anaiendesha nyumba hii kwa simu akiwa mji mwingine. Mwishoni mwa mwaka alimletea Mama zulia la korido, zito, jeusi tii, ili vigae visimtelezeshe na miguu isipigwe na baridi. Mama alilipapasa, akasema, “Mwanangu una moyo.” Waziri aliondoka akiwa amevimba kichwa.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Mama hatoki chumbani. Wiki kadhaa sasa. Anaamka vizuri, anavaa kanga yake, anafika mlangoni, anashika fremu kwa mikono miwili, na hapo ndipo mwisho wa safari. Choo kiko ng'ambo ya korido, jiko liko mbele kidogo, lakini ni kama nimemwambia aende mwezini. Nimembembeleza, nimemtania, nimemnunia. Juzi nilimshika kiunoni nikamvuta, akaning'ata mkono. Mama, Mjomba! Ambaye tangu nizaliwe hajawahi hata kunifinya.

Kwa hiyo nabeba ndoo, asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi, naye hugeuza uso ukutani nikiitoa. Daktari alikuja. Anasema macho si mabaya kwa umri wake, magoti yako sawa, na ule ugonjwa wa kusahau umesonga hatua ndogo tu. “Wengine huwa wakaidi,” akasema, akafunga mkoba wake. Waziri anasema anatafuta ufumbuzi.

Wewe ndiye msomi wetu. Niambie, mtu aliyekuwa anatembea anaachaje kutembea nyumbani kwake mwenyewe?

Mpwa wako


5 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa mkono. Mimi sijambo. Kifaa cha masikio walichonipa hupiga mluzi kama birika, kwa hiyo nimekiweka kabatini na ninaendelea na barua, ambazo hazijawahi kunipigia kelele. Karakana ya chini wameichukua vijana, lakini bado wananiachia kona yangu, mashine ya kubania na chungu cha gundi. Wanafunzi wa chuo kikuu huniletea tasnifu zao niziwekee majalada. Nimezisoma nyingi kuliko maprofesa waliozipitisha, tofauti ni kwamba mimi nilizisoma nikisubiri gundi ikauke.

Swali lako ni zuri, na ulivyoliuliza ni vizuri zaidi. Hukuuliza “amekuwaje,” umeuliza “anaachaje.” Wataalamu wa akili, wale wanaochunguza jinsi mtu anavyoona, anavyokumbuka na anavyoamua, wanasema hakuna tendo linalotoka hewani. Kabla mguu haujainuka, kuna kitu kimeshapita kichwani, na mara nyingi mwenye kichwa hakukiona kikipita. Kwa hiyo usiutazame mguu wa dada yangu. Tafuta kilichopita kichwani mwake.

Nami nadhani nakijua. Mama yako amewahi kukusimulia alasiri tuliyofukuzwa katika ile nyumba ya kwanza? Pengine hapana; katika ukoo wetu mambo hayo huliwa kimya kimya. Mama yetu alimwambia, “Kaa hapo mlangoni. Usikanyage nje mpaka nikuite.” Yeye alikuwa binti mdogo, na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania gauni lake. Alisimama hivyo hivyo, mikono miwili kwenye fremu. Nje watu walikuwa wanatupa vyombo vyetu barabarani. Hakutetemeka. Tuliitwa jua likiwa limeshuka, na hatukurudi tena.

Kumbukumbu za karibuni zikidondoka, za zamani hubaki wazi kama mawe mto ukikauka. Nina hakika dada amerudi kwenye mlango ule. Anasubiri kuitwa. Basi simama mwisho wa korido, umwite kwa jina ambalo mama yetu alimwita: Kinda. Mwite kwa upole, kisha ungoje.

Huo ufumbuzi wa Waziri ni upi? Waziri akitafuta ufumbuzi, mimi hutafuta kofia yangu nikimbie. Na niambie, dada ananitaja?

Mjomba wako


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, ilikuwa imelala posta chini ya magazeti ya watu. Hapa mvua, na wanafunzi wangu wanaogopa mvua kuliko polisi. Nina mmoja mpya, mkunga mstaafu, amewazalisha nusu ya wazazi wa mtaa huu, na sasa ameamua kujifunza kuendesha gari “kabla hawajanikataza.” Anaushika usukani kama anavyoshika mtoto anayeteleza.

Nilifanya ulivyoniagiza. Nilisimama jikoni, nikaita, “Kinda! Kinda, njoo!” Mama alinitazama kutoka mlangoni kwake, kichwa kimeinama upande mmoja.

“Unamwita nani?”

“Wewe, Mama.”

“Mimi ni mtu mzima. Kinda ni wa kuku. Umekunywa nini?”

Nikajaribu tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Siku ya tatu alianza kulia, kwa sababu alidhani nimeanza kuugua kichwa, akaniombea nipone. Mimi ndiye niliyeishia kuketi sakafuni kwenye korido nikicheka na kulia, naye mlangoni ananiamrisha, “Toka hapo! Toka hapo, we mtoto!” Sikujua ananifukuza kwa lipi.

Ufumbuzi wa Waziri ni huu. Kuna makao ya wazee nje ya mji. Nimekwenda kuyaona. Ni pasafi, wahudumu wana adabu, madirisha ni makubwa. Chumba kitakuwa wazi mwanzoni mwa Juni, nao wanataka jibu mwishoni mwa Mei. Waziri ameshajaza kila kitu, kimebaki kibali changu kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi naye. Mama alisikia tukizungumza. Aliniambia, taratibu kabisa, “Usinitoe kwangu.” Kisha akasahau kwamba amesema. Mimi sikusahau.

Sikwambii nimekubali. Sikwambii nimekataa. Wakati mwingine nikifika nyumbani hubaki garini, mikono kwenye usukani, nikijiambia naweka sawa vioo.

Mpwa wako


10 Aprili

Mwanangu,

Afya yangu ni ile ile na hali ya hewa pia, tusipoteze wino.

Usitoe kibali. Nakusihi. Binadamu aliyewahi kutolewa kwenye nyumba yake kwa nguvu hatolewi mara ya pili na watoto wake. Umejaribu siku tatu. Kumbukumbu ya miaka mingi haifunguki kwa siku tatu. Ng'ang'ania. Mwite tena. Labda sauti yako si ya mama yetu, ishushe kidogo, alikuwa na sauti nzito. Mwambie, “Vyombo vimekwisha, njoo sasa.” Atakuja. Najua atakuja.

Hukunijibu kama ananitaja.

Mjomba wako


3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili ilinikasirisha, nikaiweka juu ya friji nisiione. Kung'ang'ania ni neno jepesi likiandikwa mbali. Wewe hubebi ndoo. Nilikuwa nimeshachukua kalamu nikuandikie hivyo, na mengine ambayo mtu hamwandikii mjomba wake, halafu jana ikatokea jambo, na sasa nakuandikia kwa haraka hata mwandiko umepinda.

Nilikuwa barabarani na mkunga. Barabara tupu, jua, gari linakwenda vizuri, anaimba hata. Ghafla akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Nusura paji langu libusu kioo.

“Shangazi! Kuna nini?”

“Shimo!”

“Shimo liko wapi?”

“Hilo hapo, mwalimu, huoni? Lingetumeza!”

Nikatazama. Ilikuwa kiraka cha lami mpya. Wamekiweka wiki hii, cheusi, chenye kingo zilizonyooka, na lami ya zamani imepauka karibu kuwa nyeupe. Nikashuka, nikakikanyaga, nikakirukia. Akacheka mpaka akapenga kamasi.

“Basi mbona ulikanyaga breki kabla hujaangalia vizuri?” nikamuuliza.

“Mwanangu, mguu haukuniuliza. Ulikanyaga, ndipo ukanipa taarifa.”

Mjomba, niliomba anisamehe, nikakatisha somo. Nilifika nyumbani, sikukaa garini. Mama alikuwa mlangoni kwake, kama kawaida, mikono kwenye fremu. Badala ya kusimama mbele yake nikapiga magoti pembeni yake, kichwa changu karibu na mkono wake, nikatazama anakotazama. Vigae vyeupe vya chumbani vinaishia kizingitini. Baada ya hapo ni weusi mtupu, ukuta hadi ukuta.

Nikamuuliza swali ambalo mimi, Waziri, daktari na wewe, hakuna aliyemuuliza.

“Mama, hapo chini unaona nini?”

Akaniangalia kama mtu aliyengoja sana mjinga aamke.

“Kisima. Nani amechimba kisima ndani ya nyumba? Na hakina hata mfuniko.”

“Na mimi je, ninavyopita?”

“Nakuona unapita juu juu. Nikasema, huyu binti yangu ana ujanja wake, lakini ipo siku.”

Nikakumbuka nilivyomshika kiuno nikimvuta kuelekea kule. Mimi ningeng'ata zaidi. Na siku ile nilipoketi juu ya zulia naye akinipigia kelele nitoke, alikuwa ananiokoa.

Nililikunja zulia pale pale, zito kama ng'ombe, nikalisukumia uani. Mama alingoja mpaka nimemaliza. Akautanguliza mguu mmoja, akagusa kigae kwa ncha ya kidole kama anayejaribu maji ya kuoga, akakikanyaga. Akaenda chooni mwenyewe. Akafunga mlango! Nilikaa nje ya mlango huo nikisikiliza maji yakitiririka, na sijawahi kusikia muziki mtamu kama huo.

Sasa lile ulilouliza mara mbili. Sikukujibu kwa sababu nilitaka kukulinda, lakini nimechoka kuona watu wakisimama mahali pasipo na kitu. Hakutaji, Mjomba. Si kwamba amekukasirikia. Amesahau kwamba ana kaka. Alasiri ile ya mlangoni nilimsimulia, akasema, “Maskini watoto hao,” akaniuliza kama walipona. Lakini barua zako husikiliza zote. Huketi wima nikimsomea, na nikimaliza huuliza, “Huyu bwana ni nani? Anaandika vizuri.”

Nisamehe. Waziri bado hajui chochote. Nikimwambia kwa simu atasema ninajitungia.

Mpwa wako


16 Mei

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama karakanani, nikaketi, nikaisoma tena. Vijana waliniletea chai bila kuniuliza kitu. Wana adabu kuliko nilivyodhani.

Kwanza furaha: dada yangu amefunga mlango wa choo. Sikujua kwamba habari kama hiyo inaweza kumtoa mzee machozi, lakini ndivyo.

Pili, nilichojifunza, nami nitakisema kwa ufupi kwa kuwa nimeshasema mengi yasiyo na maana. Zamani nilifunga tasnifu moja kuhusu kuona. Mwandishi alidai kwamba macho huleta vipande tu, na akili huvishona haraka kwa uzi ilio nao, kisha hutuletea nguo kamili nasi tukaamini tumeipata sokoni. Nilikubaliana naye, nikabandika jalada, nikamrudishia. Haikunipitia kichwani kwamba alikuwa ananizungumzia mimi. Umeniandikia kwamba dada amesimama mlangoni ameshika fremu. Hivyo vilikuwa vipande. Mimi nikashona. Daktari anaona wakaidi kutwa, akashona mkaidi. Waziri anaishi mbali na anaogopa kulaumiwa, akashona mzigo. Na mimi nilishona ile alasiri, kwa sababu kati yetu wawili, anayesimama bado kwenye mlango ule si dada yangu. Yeye alishauvuka. Alikwenda akajenga nyumba, akazaa ninyi, akatandika vigae vyeupe. Mimi ndiye ninayengoja kuitwa.

Dada peke yake hakukosea hesabu. Aliona kisima, akakataa kuingia kisimani. Akili yake inayochechemea ilimpa picha mbaya, naye akaitendea kwa busara kamili. Mwambie Waziri hivyo. La, usimwambie. Mwache aje, aone.

Tazama na mengine, maana najua sasa utatazama. Sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe humpotea. Mpe ya rangi. Kioo kikubwa kinaweza kumwonyesha mgeni asiyemjua. Na siku ya kuhitaji msaada mkubwa ikija, itakuja, usijichukie. Lakini isije kwa sababu ya zulia.

Tatu. Hilo la kusahauliwa limeniuma, sitakudanganya. Nimelala nalo siku kadhaa. Kisha nikasoma tena sentensi yako ya mwisho kumhusu: anauliza ni nani, na anasema anaandika vizuri. Mwanangu, wangapi katika umri wangu hupata kusifiwa na dada yao bila upendeleo wa damu? Nimeambatanisha karatasi nyingine. Msomee kama ilivyo, usimfafanulie kitu.

Mjomba wako

*

Bibi mpendwa,

Hatujajuana, na naomba radhi kwa kuingia nyumbani kwako bila hodi. Mimi ni mfunga vitabu wa mji wa mbali. Binti yako amenidokezea kwamba unapenda kusomewa barua. Mimi napenda kuziandika, na watu wangu wa kuwaandikia wamepungua kama nywele zangu.

Chumba changu kiko juu ya karakana. Asubuhi harufu ya gundi hupanda ngazi kabla yangu. Dirishani naona paa la shule na kengele ambayo siisikii tena, lakini najua imelia kwa sababu watoto hutoka wote kwa pamoja kama njugu zilizomwagika. Naishi vizuri. Wakati mwingine hujiuliza kama mtu aliyekaa ugenini mpaka amezeeka ana haki ya kusema hana raha. Wewe unaonaje? Naambiwa huzungushi maneno.

Na dirishani kwako kunaonekana nini?

Wako kwa heshima,
Mfunga Vitabu


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo sana. Nikueleze mambo kwa mpangilio wake, maana yamenijaa.

Waziri alifika mwishoni mwa Mei na gari lake na sanduku jipya la Mama, lenye magurudumu. Sikuwa nimemwambia lolote, kama ulivyonishauri. Aliingia, akafika kwenye korido, akasimama.

“Zulia langu liko wapi?”

“Uani.”

“Uani! Unajua nililinunua wapi? Huyu mama akiteleza nani atajibu? Ndiyo maana nasema nyumba hii haina mpango, kila mtu anafanya—”

“Nani huyo anapiga kelele nyumbani kwangu?”

Mama alitoka chumbani. Alitembea, Mjomba, kitambaa cha kufutia vyombo begani, akapita korido nzima mpaka mbele ya Waziri, akamshika shavu. “Umekonda,” akamwambia. “Huko hawakulishi?” Akamwacha hapo, akaenda jikoni kukata mkate.

Waziri akageuka kumtazama. Nikamsimulia kisima. Alivua viatu, akaingia chumbani kwa Mama, akasimama kizingitini akitazama sakafu kwa muda mrefu. Aliporudi sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

“Mimi ndiye niliyemchimbia,” akasema.

“Ulimletea zulia,” nikamwambia. “Miguu yake ilikuwa baridi kweli.”

Akatoka nje na simu. Nilimwona kupitia dirisha akizunguka gari lake akizungumza. Chumba kimepewa mtu mwingine. Tumekubaliana atatafuta mama wa kumsaidia asubuhi nikiwa kazini, na kwamba yeye atakuja kila mwezi kwa miguu yake, si kwa simu. Sanduku limebaki hapa. Mama anaweka vitunguu ndani yake.

Mambo hayajawa asali tupu. Jana alinisahau kwa kitambo kidogo akaniita dada wa hospitali. Leo amenijua. Najifunza kuuliza anaona nini kabla sijamwambia anapaswa kuona nini. Hata kazini nimebadilika. Mkunga amefaulu mtihani, na anasema ni kwa sababu niliacha kumfokea mguu.

Barua yako nilimsomea mara nne. Alitaka kujibu yeye mwenyewe, akaniamuru niandike neno kwa neno, nisijifanye mwalimu. Haya, ndivyo alivyosema:

“Bwana Mfunga Vitabu, barua yako imefika. Dirishani kwangu naona kamba ya nguo, na zulia kubwa jeusi limeanikwa juu yake, sijui la nani, na paka analala juu ya zulia. Umeuliza kama mzee wa ugenini ana haki ya kusema hana raha. Anayo, lakini asiseme peke yake chumbani, aje aseme mbele ya watu wapate kumjibu. Unaandika kama mtu aliyekosa wa kuzungumza naye. Binti yangu anasema huko kwako ni mbali. Mbali si kitu, watu husafiri. Mimi nina nafasi, nyumba ni yangu, watoto walitaka kunihamisha nikawakatalia. Ukija usiogope kubisha hodi.”

Hapo aligeukia dirisha, nikadhani amesahau tulikuwa tunafanya nini. Nikaanza kuikunja karatasi. Akanishika mkono.

“Ongeza,” akasema. “Masikio yake hayasikii, si ndivyo alivyoandika? Basi asibishe hodi, hatasikia nikimwitikia. Mwambie aingie tu.”

Mpwa wako